Picha na Uhuru wa Mwanafunzi

Mwalimu wa lugha huona taabu kuambiwa kwamba maneno yake yanaweza kumfunga mtoto. Hata hivyo ndivyo ilivyo kwa wanafunzi wengi wenye usonji, ambao hushika upesi zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Hapa Bujumbura, mtaani Buyenzi, watoto wengi hulelewa kwa Kiswahili. Wakiingia shule ya msingi hukuta Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na Kiswahili chao kimegeuka kuwa somo. Daftari moja, majina manne! Sauti hutamkwa ikapotea. Picha ya daftari hubaki papo hapo mezani, mtoto akairejea kila apendapo.

Eric Schopler na wenzake, ambao mpango wao wa TEACCH ulianza mwaka 1972 huko North Carolina, Marekani, waliijenga kazi ya darasani juu ya maswali manne: nifanye kazi gani, kiasi gani, nitajuaje kuwa imekwisha, na baadaye kuna nini? Majibu yake huonekana kwa macho. Picha tatu hubandikwa kwenye kipande cha boksi, na chini ya kila moja huandikwa neno lake. Kazi huwekwa kushoto, na iliyokwisha hutiwa katika chombo kilicho kulia.

Wapo wasemao kwamba huko ni kumzoesha mkongojo. Lakini tumtazame mtoto asiyeanza wala kumaliza lolote mpaka aambiwe, "Haya, sasa andika." Huyo naye ana mkongojo, nao ni mwalimu mwenyewe, asiyeweza kutiwa mfukoni akachukuliwa nyumbani. (Sisi nasi tuna ratiba ukutani, wala hakuna atuitaye wategemezi.) Naona ugumu uko kwetu: kunyamaza, kurudi nyuma hatua mbili, na kustahimili kwamba hatuhitajiwi.

Linalonitia shaka ni jambo jingine. Ni nani achaguaye picha? Ukanda wenye "keti", "andika" na "maliza" peke yake ni amri zisizo na sauti. Mtoto atautii, na mgeni atalisifu darasa kwa utulivu wake. Sioni kwamba kutii pasipo msimamizi ndiko kujitegemea. Kwa hiyo, kabla ya picha ya kazi ya kwanza, mtoto apewe picha ya "nisaidie", ya "nimechoka", na ya "sitaki". Na siku atakapomwonyesha mwalimu hiyo ya mwisho katikati ya somo la Kiswahili, mwalimu aipokee kama neno lililotamkwa kwa Kiswahili fasaha.