Chai Ipoe Kwanza

Wajukuu zangu, nawaona mkishindana kunywa chai ingali inafuka, na anayesubiri ipoe mnamcheka. Leo nisikilizeni. Kuanzia Kenya, kupitia Tanzania hadi Malawi, saratani ya umio, yaani njia inayoshusha chakula tumboni, inaua watu wengi, na huku kwetu huwapata hata vijana wasiotimiza miaka 40.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na mambo mengine mwilini yanayohusika na saratani hii ni madogo kuliko mwiba. Katika DNA ya binadamu, sehemu yenye maagizo ya kutengeneza protini haizidi asilimia 2 hivi. Wako wataalamu waliowahi kuiita sehemu iliyobaki takataka. Lakini mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo wa milimita moja, walionyesha kwamba RNA (nakala inayotolewa kwenye DNA) iliyo fupi na isiyotengeneza protini yoyote inaweza kuzuia kazi ya jeni nyingine, yaani kipande kingine cha DNA chenye maagizo. Mwaka 2024 wakatunukiwa Nobel.

RNA zisizotengeneza protini, fupi na ndefu, zimo ndani yetu pia. Ni kama mnyapara shambani: hashiki jembe, lakini ndiye anayeamua nani alime na nani apumzike. Katika uvimbe wa saratani ya umio, ile iitwayo miR-21 mara nyingi huzidi kiasi, ikainyamazisha jeni PDCD4 inayozuia seli zisizaliane ovyo. Nyingine iliyo ndefu, HOTAIR, iliyotambuliwa mwaka 2007, ikizidi huzisaidia seli za saratani kuongezeka na kupenya sehemu za jirani.

Asije mtu akawauzia chupa ya kurekebisha RNA. Tiba iliyopo hospitalini ni upasuaji, mionzi na dawa za saratani, nazo hufaa zaidi ugonjwa ukiwahiwa.

RNA zenu hamwezi kuziamrisha. Kinachopita kooni mnaweza. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani hii. Basi chai ipoe. Tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, iacheni. Gongo na chang'aa vivyo hivyo, maana anayevuta na kunywa pamoja hujizidishia hatari. Na jikoni kwa mama zenu toboeni dirisha, moshi utoke.

Mwisho, chakula kikianza kukwama, msikisukume kwa maji mkasema ni koo tu. Huanza nyama kukwama, ukafuata ugali, kisha uji. Na mgonjwa anayefika kwenye uji mara nyingi amechelewa. Usingoje huko. Kikikwama leo na wiki ijayo kikakwama tena, nenda hospitali wakakuangalie umio kwa kamera. Nauli ikikosekana njoo kwangu, tutauza kuku. Kuomba nauli si aibu, mjukuu wangu.