Uhuru wa Fikra na Kadhi wa Kilwa

Uhuru wa fikra, yaani hali ya akili kuipima hoja kwa uzito wake bila kujali imetoka kwa nani, huelezwa mara nyingi kupitia maisha ya walioiacha dini yao. Mangasar Mangasarian, Mwarmenia aliyezaliwa mwaka 1859 katika dola ya Uthmaniya, alihamia Marekani, akawa mchungaji wa Kipresbiteri mjini Philadelphia, akajiuzulu mwaka 1885 alipoona hawezi tena kuihubiri itikadi asiyoisadiki, na mwaka 1900 akaanzisha mjini Chicago jumuiya isiyofungwa na kanisa lolote. Kuacha mimbari pamoja na riziki yake kwa sababu ulimi umekataa kusema kisichomo moyoni ni unyofu wa kuheshimiwa kweli. Hata hivyo, uhuru ukipimwa kwa kuondoka tu, kipimo hicho humpunja aliyebaki akafikiri.

Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, naye alikuwa mhamiaji na mwalimu wa dini. Sayyid Said, sultani wa Unguja, alimteua angali kijana kuwa kadhi, yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu, wa Kilwa, na baadaye akawa kadhi wa Unguja. Wanachuoni hutofautisha taklidi, ambayo ni kuishika kauli ya mwanachuoni bila kumdai dalili, na ijitihadi, ambayo ni kujitaabisha kuitafuta hukumu katika dalili zenyewe. Na kadhi wa madhehebu, kwa kazi yake, hukaa karibu zaidi na taklidi.

Lakini misheni ya Waanglikana ilipohamia Unguja mwaka 1864, kadhi huyu alijadiliana na mapadri wake, na akajitolea kumfasiria mmoja wao, Edward Steere, Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilichotakata. Zaburi, kwa itikadi ya Waislamu, ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Daudi, ingawa nakala za Wakristo hazihesabiwi kuwa zimesalimika. Kwa hiyo kuifasiri ni kuliweka neno la mwenzio kwenye mizani ya lugha yako na kulitafutia lililo sawa nalo, bila kulipunguza kwa kuwa hulikubali. Akili iliyofungwa haiiwezi kazi hiyo.

Pingamizi lipo, nalo lina nguvu: aliyebaki na cheo chake hakuzilipia fikra zake. Ila pingamizi hilo huchanganya uhuru na gharama yake. Kwa mfano, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni mwingine wa zama hizo, alifungwa na Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, mpaka sultani huyo alipofariki mwaka 1888, na kifungo hicho huonyesha ukali wa mtawala, si upana wa fikra za mfungwa, ambao ulikuwapo kabla ya mlango kufungwa.

Steere aliona tafsiri haiendi haraka kwa wingi wa shughuli za kadhi, na Kiswahili chake ni cha kitaalamu mno kwa kusudi la misheni. Mwaka 1874 Steere akawa askofu. Sheikh akaendelea kufundisha dini yake, na hakuna aliyemgeuza mwenzake.