Adabu za Mtu kwa Bahari na Msitu

Adabu kwa bahari na msitu hukaa moyoni kabla ya kuandikwa katika sheria. Anayeogopa faini huacha kosa mpaka askari wa doria aondoke. Anayejua kuwa kosa lile ni dhuluma huliacha hata akiwa peke yake usiku.

Wajibu wa kwanza ni kutodhulumu. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1970, lakini milio yake iliendelea kusikika kwa miongo mingi. Baruti haichagui: huua samaki wazima na makinda, huvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na samaki wengi huzama bila kuokotwa. Mpiga baruti amekula riziki ya jirani na ya wajukuu wake, kisha hudai kwamba bahari ni ya Mungu. Ni ya Mungu kweli, na ndiyo maana hana ruhusa ya kuiharibu. Kisiwani Misali, magharibi mwa Pemba, hifadhi ilianzishwa mwaka 1998, na mashekhe wakashirikishwa kufundisha kwamba binadamu amekabidhiwa dunia kama amana, na kwamba israfu ni dhambi. Mafundisho hayo yaliwafikia wavuvi kwa kuwa ndiyo imani waliyolelewa nayo.

Wajibu wa pili ni kuyajua mazingira, kwani mtu hakionei uchungu asichokijua. Mtoto na apelekwe ufukweni maji yakipwa, atofautishe mkoko na mchu, aone kamba na kaa wanavyojificha mizizini. Samaki mkunje angali mbichi. Ni aibu kwa mzazi wa pwani kulea mtoto asiyejua kusi wala kaskazi, asiyejua bamvua huja lini.

Wajibu wa tatu ni kuheshimu miiko. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, imesalia kwa sababu wazee walikataza kukata miti penye makaburi na matambiko. Kijana anayewaita wazee hao wachawi ajiulize ni nani mwingine aliyemwachia msitu.

Ipo pia miiko midogo ya kila siku. Taka hazitupwi dirishani mwa daladala.

Mkoko mchanga haukatwi.

Anayeona uharibifu akanyamaza kwa kuogopa lawama ameshiriki. Amkanye mharibifu faraghani, kwa upole. Akirudia, apelekwe mbele ya wazee. Asipowasikia, afikishwe kwenye sheria bila kuonewa haya.