Baridi ya Bungu Isiwadanganye

Wanangu mnaojenga sasa huku Bungu milimani, nawaona mnavyopandisha mabati ya rangi kutoka Korogwe: mekundu, ya kijani, ya buluu. Ni jambo la heri. Ila nina neno: msiupime ukali wa jua kwa joto lake. Ukungu wetu na baridi yetu hupoza miili, paa havilisaidii.

Kinachokula paa ni miali ya urujuanimno, nuru isiyoonekana kwa macho, ambayo mawimbi yake hayafiki nanomita 400. Kila ukipanda mita 1,000, miali hiyo huongezeka kwa kama asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Wingu jepesi nalo haliizuii sana. Tena tuko karibu na Ikweta: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hutusimamia utosini.

Rangi ya bati ni utando wa plastiki usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani yake mna minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikilia chembe za rangi. Mwali hukata mnyororo, oksijeni huingia palipokatika, mvua husomba kilicholegea. Chovya-chovya humaliza buyu la asali. Kwanza mng'ao hupotea. Kisha ukipitisha kiganja juu ya bati, hutoka na unga. Hapo ujue kishikizo kimeliwa. Maji yakishafikia zinki iliyo chini ya rangi, na zinki ikiisha, kutu imepata nyumba.

Basi shikeni haya. Dukani msiulize geji tu. Geji ni unene wa bati, haisemi lolote juu ya rangi. Ulizeni dhamana ya kupauka na kubanduka ni ya miaka mingapi, na iandikwe. Mkikuta unga, sugueni, osheni, pakauke ndipo mpake upya. Rangi iliyopakwa juu ya unga hubanduka pamoja nao. Mlango unaotazama jua msiutegemezee vanishi isiyo na rangi: miali huipenya ikaharibu mbao chini yake, vanishi ikakosa pa kushika. Bomba jeupe la plastiki lifukieni. La kukaa juani liwe jeusi, maana masizi yaliyochanganywa ndani yake hunyonya miali.

Nunueni kopo la rangi paa lingali zima. Likishatoboka, mtanunua mabati.