Njia Katikati ya Mashamba

Somo: Marko 2:23–28

Siku ile ya Sabato Yesu alikuwa akipita mashambani, na wanafunzi wake wakawa wanavunja masuke huku wakitembea. Mafarisayo wakaja juu, lakini tazama walichokilalamikia: Sabato. Hakuna aliyeuliza, "Mnatafuta nini kwenye shamba la watu?" Hilo Torati ilikwisha kulimaliza. Kumbukumbu la Torati 23:25 inamruhusu mtu kuchuma masuke ya jirani kwa mkono, ila mundu asiutie. Shamba lina mwenyewe, na mpita njia naye ana lake.

Huko England wapo watu ambao kuilinda haki hiyo ya mpita njia ndiyo shughuli yao ya mwisho wa juma. Ni vikundi vya watembeaji vya mtaani, wengi wao wastaafu, ramani mkononi na matope viatuni. Njia za miguu za kule hukatiza mashamba ya watu binafsi, na zimechorwa kwenye ramani rasmi ya halmashauri. Mkulima akipitisha jembe juu ya njia inayokatiza shamba, sheria kwa kawaida inampa siku 14 airudishe, ionekane, ipitike, upana usiopungua mita moja. Asipoirudisha, wanakikundi wanapiga picha, wanaandika namba ya njia na kupeleka taarifa halmashauri. Wengine hubeba mikasi ya kupogolea na kukata miiba iliyoziba vijilango. Hata njia ambayo haimo kwenye ramani inaweza kutambuliwa, iwapo watu wameipita waziwazi miaka 20 bila kuomba ruhusa wala kuzuiwa. Hapo ushahidi wa bibi aliyekuwa akipita pale kila Jumapili kwenda ibadani unaweza kuwa na uzito kuliko ukuta mpya wa mawe.

Haki hizi zina historia ya watu kutiwa ndani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wa kazi kutoka Manchester na Sheffield, walipanda Kinder Scout, nyanda za juu ambazo wenye ardhi walizifunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Wakakwaruzana na walinzi. Watano walifungwa, akiwemo Benny Rothman, kijana wa miaka 20, aliyepewa miezi minne. Kupita tu kwenye ardhi ya mtu hakukuwa jinai, ndiyo maana mashtaka yakawa ya fujo na kupigana. Sheria ya mwaka 1949 ikafungua mlango wa hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo hilohilo, Peak District, likawa hifadhi ya kwanza.

Nawaheshimu wale wa 1932. Lakini moyo wangu uko zaidi kwa hawa wa mikasi. Hakuna anayewaandika magazetini, na wanamsafishia njia mtu ambaye hawatamjua. Wana adabu ya mundu pia: geti wanaliacha walivyolikuta, mbwa hawamwachi akimbize kondoo.

Nasi tujitazame nyumbani, tukianzia kanisani. Viwanja vyetu vingi vimezungushiwa ukuta, na mama mwenye ndoo kichwani analazimika kuzunguka mpaka barabarani. Mwenye kiwanja ni kanisa, hati ipo, sibishi. Basi kamati ya ujenzi, kabla ya kununua tofali la kwanza, ikae pale asubuhi moja ihesabu wanaopita, kisha iache kijilango.