Je, Kuzima Sikio ni Dhambi?

Kwa miaka saba nilikuwa na udhuru. Mtu akinisemesha nisimjibu, wengine walimwambia, "Mwache Mwalimu, masikio yake yamechoka." Wala hawakukosea. Nilistaafu nikiwa tayari sisikii vizuri wanafunzi wa dawati la nyuma, na baadaye hata mchungaji akiwa mimbarini. Nikajizoeza kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nani atamlaumu mtu kwa asichokisikia? Torati yenyewe, katika Walawi 19:14, inamkinga kiziwi kwa kukataza watu wasimlaani.

Mwaka jana mwanangu aliyeko Dar es Salaam alinitafutia vifaa vya kusikia, vile vinavyokaa nyuma ya sikio na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Simu ikiita, huita ndani ya masikio yangu. Nikifungua redio ya simu, naisikia mimi peke yangu. Sauti naipandisha na kuishusha kwa kidole. Mtaalamu alinieleza kwamba vifaa hivi haviponyi: chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Kazi ya kifaa ni kukuza sauti tu, na ubongo uliozoea ukimya huhitaji majuma kadhaa kujifunza upya ipi ni sauti ya mtu na ipi ni kelele.

Majuma hayo yalikuwa na vituko. Upepo wetu wa Singida ulivuma kichwani mwangu kama lori linalopanda mlima. Kijiko kikigonga sahani, nilishtuka. Jumapili moja, katikati ya sala ya toba, sauti ya mwanamke ikanena masikioni mwangu kwa Kiingereza. Nikafumbua macho kama Samweli aliyeitwa usiku. Kumbe ilikuwa taarifa kwamba betri inaisha.

Hayo tuliyacheka nyumbani. Lililofuata halichekeshi, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Tuna jirani, mama mjane. Ni mtu wa maneno marefu. Akianza habari za kuku hufika kwa mjomba wake wa Manyoni. Alasiri moja ya msimu wa kuvuna alizeti alinikuta barazani. Siku hiyo kulikuwa na mpira, na mechi ilikuwa ikitangazwa masikioni mwangu bila yeye kujua. Baada ya salamu sikuizima. Nilishusha sauti za nje, nikamtazama usoni, nikawa naitikia "mm" na "naam" kila alipovuta pumzi. Alipoondoka alinishukuru sana. Nilishangaa kidogo, kisha nikarudi kwenye mpira.

Jumanne akaja tena, akasimama mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu. Jana nilikungoja." Kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa amepanga kuacha shule awafuate wenzake kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Iramba. Mama alikuwa ameniomba mimi, niliyemfundisha kijana huyo darasa la kwanza, nizungumze naye kabla ya Jumatatu. "Nawe ulikubali," akasema. Kijana alikuwa ameshaondoka alfajiri ile.

Je, nilitenda dhambi? Moyo wangu uliniletea hoja tatu za kujitetea.

Kwanza, huenda kijana angeondoka hata kama ningezungumza naye. Huenda. Lakini mama yule aliacha kumtafuta mtu mwingine kwa sababu mimi nilikuwa nimekubali. Kuitikia kwangu kulimfungia mlango wa kwenda kwa mwinjilisti au kwa mzee mwingine wa kanisa.

Pili, mwanadamu anahitaji kupumzika, na hata Bwana Yesu alijitenga na makutano. Ni kweli. Lakini tusome vizuri Marko 1:35 na kuendelea. Yeye aliondoka kweli, hata wanafunzi wakalazimika kwenda kumtafuta. Hakuwaachia watu uso wake huku yeye mwenyewe akiwa kwingine.

Tatu, nilisema ni mitambo ya siku hizi inayotupotosha. Jina la Bluetooth limetokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyebatizwa, na ambaye jiwe lake la kumbukumbu pale Jelling linatangaza kwamba aliwafanya Wadeni kuwa Wakristo. Wahandisi waliazima jina hilo mwaka 1997 kwa sababu mfalme huyo aliunganisha watu, kama chombo hiki kinavyounganisha vifaa. Basi chombo kilifanya kazi yake: kiliniunganisha na mpira. Aliyenitenga na jirani ni mimi.

Nimefikia kuamini kwamba kuzima sikio si dhambi. Ningeweza kumwambia, "Mama, naomba uniwie radhi, nasikiliza mpira, njoo jioni." Angecheka, na jioni angekuja. Dhambi yangu ilikuwa kuitikia. Tena nikijichunguza, naona haikuanza na vifaa hivi. Katika ile miaka saba nimewaitikia watu wangapi nisiowasikia, kwa kuona aibu kusema, "Rudia, tafadhali"? Uongo ulikuwepo, uziwi uliufunika tu. Nilipopata masikio, kichwa kiliendelea na mazoea yake.

Nawafikiria ndugu zetu viziwi wanaotumia Lugha ya Alama. Kanisa Katoliki lilianzisha shule yao jirani yetu hapa, Tabora, mwaka 1963. Katika lugha yao huwezi kumsikiliza mtu huku macho yako yakiwa kwingine. Ukigeuka, mazungumzo yamekatika na wote mnajua. Wao hawana sauti, lakini wanasikiliza kuliko mimi nilivyosikiliza siku ile. Sulemani naye, katika 1 Wafalme 3:9, hakuomba masikio. Kwa Kiebrania aliomba moyo unaosikia.

Nilikwenda kwa mama yule nikamweleza kweli yote, pamoja na habari ya mpira. Alikaa kimya kitambo, kisha akanisamehe. Kijana wake nampigia simu kila wiki. Anapokea, tunazungumza, lakini hajarudi.

Siku hizi mgeni akifika, naiacha simu chumba cha ndani kabisa, ambako mawasiliano yake na masikio yangu hukatika, kisha natoka kumlaki. Nakumbuka kwamba Bwana, kabla ya kumfungua kiziwi wa Dekapoli, alimtenga kwanza na makutano.

Ndugu msomaji, pengine masikio yako ni mazima, nawe hushusha sauti za wenzako bila kifaa chochote. Kabla hujalala leo, jiulize ni nani uliyemwitikia bila kumsikia. Kama unamkumbuka, nenda kwake kesho asubuhi, umwambie, "Rudia, tafadhali." Usingoje ifike Jumanne.