Magunia Mawili ya Siku Moja

Msimu wa kahawa wa mwaka juzi nilimfanya bibi mmoja wa huku kwetu Buganguzi aonekane mwongo mbele ya majirani zake. Sikukusudia, na kwa miezi minne sikujua kabisa kwamba nimefanya hivyo. Tangu nijue, kuna swali limenikaa kichwani: mfumo ukikosea, aliyekosea ni nani?

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo na shahada ya mifumo ya habari, ajira sina. Kikundi cha wakulima ambacho baba yangu ni mwanachama kilikuwa kinaandika mizigo kwenye kaunta buku. Karani anapima, anaandika jina na kilo, mwenye kahawa anaweka sahihi au dole gumba. Nikawaambia hiyo ni hatari. Daftari linaungua, linalowa, linaibiwa. Walinielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilibomoa maelfu ya nyumba mkoani kwetu, na mtu aliyeona ukuta ukilala juu ya kabati lake hahitaji somo refu kuhusu kutunza nakala.

Basi nikawatengenezea utaratibu mpya. Karani anajaza kwenye simu, taarifa zinanifikia kwenye kompyuta, nakala moja inabaki kwenye flashi na nyingine inakwenda mtandaoni. Nikaweka nenosiri. Dole gumba tukaliacha, kwa ushauri wangu, kwa sababu lilikuwa linachelewesha foleni. Nilikuwa nimejipanga dhidi ya moto, mwizi, virusi na umeme kukatika. Mtu wa kuniangalia mimi hakuwepo.

Tatizo lilianzia kwenye usafi. Mtandao wa huku unakuja na kuondoka. Karani akibonyeza kutuma na simu ikaganda, anajaza tena na kubonyeza tena, kwa hiyo mzigo mmoja unaingia mara mbili. Nikaweka amri rahisi: jina lile lile na tarehe ile ile, bakiza mstari mmoja. Kilo sikuzitumia kama kigezo, kwa kuwa karani akijaza upya mara nyingine alikosea nukta. Nilijiona mjanja.

Bibi huyu ana kibanja cha migomba na mibuni, na ana mjukuu mwenye baiskeli. Baiskeli ile inabeba gunia moja. Siku hiyo kijana alikuja asubuhi, akarudi tena alasiri. Jina moja, tarehe moja.

Siku ya malipo bibi alihesabu fedha zake, akasema taratibu, "Mimi nilileta mawili, waitu." Mwenyekiti akanigeukia. Nikafungua kompyuta. Gunia moja. Nyuma kuna mtu akasema wazee wanasahau. Mwingine akasema jambo baya zaidi, kwamba labda gunia la pili lilikwenda kwenye butura na sasa anataka kulipwa mara mbili.

Kwa asiyeijua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua tu, kwa mtu mwenye fedha taslimu anayejua kwamba una shida. Unalipwa kidogo sana, na mavuno yakifika si yako tena. Serikali imeipigia kelele miaka mingi. Bibi mwaka ule alikuwa amemkatalia mnunuzi wa namna hiyo, akavumilia hadi mavuno, ili apate bei kamili kupitia kikundi. Sare na viatu vya mjukuu vilikuwa kwenye yale magunia mawili.

"Kompyuta haisemi uongo, mama," mwenyekiti alimwambia, kwa upole kabisa.

Mimi nikanyamaza. Ule unyamavu unaniuma kuliko ile amri. Katika chumba kile nilikuwa mtu pekee aliyejua kwamba kompyuta husema chochote ilichoambiwa iseme.

Uingereza jambo hili lilifanyika kwa kiwango cha nchi nzima. Shirika lao la posta, Post Office, lilikuwa na mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walidaiwa, wakashtakiwa, na wengine wakafungwa. Waliotiwa hatiani walizidi 900. Wengi walipopiga simu kuulizia, waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo. Mwaka 1999 Bunge la huko lilikuwa limefuta kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta kuonyesha kwanza kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Tangu hapo ilichukuliwa kwamba iko sawa, na anayepinga ndiye aonyeshe kasoro. Hebu fikiria mwenye duka la posta kijijini akitakiwa kuonyesha kasoro ndani ya mfumo asioruhusiwa hata kuufungua. Mahakama Kuu ilikuja kukiri kasoro za Horizon Desemba 2019, na nyingi ya hukumu zile zikafutwa kwa sheria mwaka 2024.

Rafiki yangu anayefanya kazi ya mifumo Bukoba mjini ananiambia najitesa bure. Makarani wa zamani, anasema, waliiba kwa kidole juu ya mizani, na daftari halikumwokoa mtu. Ni kweli, mama yangu ana visa vya namna hiyo vya kutosha jioni nzima. Makosa yamepungua tangu tuanze kutumia simu, nalo silikatai. Lakini karani mwizi alikuwa na jina. Ungeweza kumshitaki kwenye kikao, kumlaani, kukataa kumsalimia. Bibi yule angemlaani nani? Chuoni tulifundishwa kupima hatari kwa kuzidisha uwezekano na athari, halafu unapaka rangi: nyekundu, njano, kijani. Kilo 47 kati ya tani kadhaa ni kijani kibichi. Hakuna mwalimu aliyetuuliza athari hiyo ni kwa nani.

Siku hizi naamini hivi: anayeuleta mfumo ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha, na asiyeweza kuufungua asiambiwe athibitishe chochote. Ni gharama, najua. Inarudisha foleni.

Kosa nililigundua nikiandaa taarifa ya mwaka. Kahawa iliyopimwa ghalani ilizidi kidogo ile ya kwenye jedwali. Kamati ilikuwa imeridhika kwamba ni unyevu. Mimi nikarudi kwenye jumbe za awali za simu ya karani. Mistari tisa ilikuwa imefutwa. Minane ilikuwa marudio kweli.

Nilikwenda kwa bibi na fedha zake. Alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaniuliza kama nitayasema haya kule kule yaliposemwa yale mengine. Nikaenda kikaoni nikasema. Mwenyekiti, kwa kunihurumia, alidakia kwamba mashine nazo zina shetani wake. Nikasema hapana, amri niliiandika mimi. Watu wakacheka kidogo, ajenda ikaendelea.

Amri nimeibadilisha, na kila mzigo sasa una stakabadhi ya karatasi. Nimemweleza bibi mara mbili kwamba hata akileta magunia matano kwa siku yataandikwa yote. Ananiitikia vizuri, "Ndiyo, mwanangu." Msimu huu mjukuu wake ameleta gunia moja Jumatatu na la pili Jumanne.